Mto wa Shuka

Cheti changu cha ualimu nilikisomea katika masomo ya jioni, kwa taa ya sola iliyoshindwa na vimulimuli, nikatoka humo nikijiona nimemaliza elimu yote ya dunia. Tulifundishwa kwamba mtoto mdogo hujifunza kwa kucheza, tena kwa vitu anavyoviona kwao. Basi nilipopewa chekechea karibu na Garsen, nikatandika shuka ya buluu toka mlangoni hadi ukutani: Mto Tana huo. Ukingo wote nikaufanya shamba, migomba ya vijiti na mahindi ya kweli. Nyuma ya shamba nikaweka boma na ng'ombe wa udongo. Lilipendeza darasa, hata malaika wangeomba nafasi.

Watoto walicheza vizuri mpaka ng'ombe wakashikwa na kiu. Binti wa mfugaji akawapitisha juu ya mahindi, na mtoto mwenye mahindi akamvunja fahali pembe. Uji ulipofika wakasahau. Nyumbani hawakusahau: kesho yake wazazi walijaa mlangoni, bonde zima la Tana, na marehemu wao pia.

Baba wa binti hakunisalimu. Alitazama sakafu, akauliza malka iko wapi, ile njia ya mifugo kwenda kunywa. Mimi ni wa Kipini, kwetu ni nyavu, sikuwa nimeiwazia. Huku watu wamezikana kwa ajili yake.

"Wewe mtu wa samaki unamfundisha mwanangu kwamba sisi hatuna mto," alisema. "Namchukua."

Nikapiga magoti, nikang'oa migomba kadhaa, nikaacha uwazi. Hapo mama mmoja mkulima wa Kulesa akanisogelea.

"Na shamba la mwanangu umempa nani, mwalimu? Basi na mimi wangu namchukua."

Nikaona nitabaki mimi na shuka. Nikawaambia wapange wenyewe. Walitukanana hadi adhuhuri, juu ya sakafu isiyotosha kulaza ngamia. Mwishowe baba akalaza fimbo yake: upana wa malka ni huo. Mama akapanga mawe pande zote mbili, akaapa kwamba ng'ombe atakayevuka atarushwa dirishani.

Hakuna mtoto aliyeondolewa. Ila wazazi hao hawasalimiani hadi leo, nami hawaniamini. Kila asubuhi huchungulia kwanza kama mawe yamesogea, ndipo wauachie mkono wa mtoto.