Bi Masika na Mke Mwenzake

Bi Masika wa Wingwi alikuwa mpika vitumbua, na msimu wa karafuu ukifika alikuwa mchambuaji pia. Alfajiri alitwanga mchele aliouroweka, akaukoroga unga kwa tui na tembo la mnazi kidogo la kuumulia, akachoma. Kulipokucha alijitwika beseni lake hadi mashamba ya upande wa Konde. Vitumbua aliwauzia wachumaji, kisha akaketi jamvini na wanawake wenzake kutenga karafuu na makonyo, vile vijiti vyake.

Miaka michache kabla ya vita vikuu vya pili, vidole vilianza kumvimba. Asubuhi havikukunjika, na viwiko na magoti navyo vikamuuma. Watu walisema ni baridi yabisi. Akachuliwa kwa mafuta ya mbarika, akapigwa chuku kutolewa damu, akapata nafuu kidogo. Kisha maumivu yakarudi. Hakumwambia mtu yeyote jinsi yalivyozidi. Jamvini aliifunika mikono kwa kanga, na fungu lake likawa dogo kuliko ya wenziwe, mpaka msimamizi akamwambia apumzike nyumbani.

Nassor, mumewe, alikuwa ameoa mke wa pili, Mwanapili, akamweka katika kibanda cha ng'ambo ya uwanja wa Bi Masika. Wanawake hao wawili walisalimiana tu, basi. Lakini Mwanapili alizoea kuamshwa na mchi wa Bi Masika, na asubuhi moja hakuusikia. Akavuka uwanja. Alimkuta mwenzake amekaa kando ya kinu, mikono ameitumbukiza kwenye maji ya moto, analia kimya kimya.

"Bi Masika, una nini?"

"Mchi haushikiki."

Mwanapili aliufunga mtandio kiunoni, akautwaa mchi, akatwanga.

"Taratibu, mwanangu," Bi Masika akamwambia baadaye kidogo. "Usiufanye vumbi. Uache na chenga kidogo."

Tangu siku ile walishirikiana. Mwanapili alitwanga na kukuna nazi, Bi Masika akakoroga kwa mwiko mnene aliouzungushia kitambaa, akachoma. Mwanapili ndiye aliyekwenda mashambani na beseni, akauza, akachambua karafuu mpaka jioni. Siku ambazo viungo vya Bi Masika vilitulia, walikwenda pamoja polepole, wakipumzika njiani na kucheka.

Nassor hakupendezwa. Alisema wake zake wamekuwa kitu kimoja na yeye amekuwa mgeni. Siku moja, baada ya ugomvi wa chakula kilichochelewa, akampa Mwanapili talaka.

Bi Masika alijikokota hadi kibandani, akamkuta anafunga nguo zake.

"Wenda wapi?"

"Kwa kaka yangu, Micheweni."

"Eda utaikalia hapa hapa. Na ikimalizika, kiwanja hiki nimekirithi kwa mama yangu, si cha Nassor. Kaa."

"Bi Masika, mume kaniacha."

"Kakuacha yeye. Miye sijakuacha."

Mwanapili akaifungua nguo aliyofungia vitu vyake, akalia mpaka akachoka.

Nassor alinuna, akazungumza na jamaa, mwisho akanyamaza. Mchana alikuwa shambani kwake, na jioni alipita uwanjani ameinamisha kichwa. Eda ilipomalizika hakutia tena mguu upande wa kibanda. Mwanapili alichumbiwa mara mbili, akasema bado.

Vita vilipoleta uhaba wa mchele, wakachoma vitumbua vya unga wa muhogo. Vilikuwa vigumu na watu walilalamika, lakini walinunua. Vidole vya Bi Masika vilipinda upande mmoja, havikunyooka tena. Ziko asubuhi alizoweza kusimama jikoni, na ziko ambazo hata kopo la maji lilimshinda. Asubuhi hizo Mwanapili aliingia kabla ya sala, akamkalisha kitako, akamtawadhisha: akamsukutua kinywa, akamwosha uso, kisha mikono, kidole kimoja kimoja, bila haraka, akiuliza kila mara, "Nakuumiza?"

"Huniumizi," Bi Masika alijibu, hata pale alipokuwa anaumia.