Kidole cha Shangazi na Nukta Sita

Kila asubuhi, kabla ya kugusa karatasi, Shangazi alikumbatia kikombe cha chai mpaka vidole vipate moto. Marehemu mumewe ndiye aliyemfundisha, enzi zile wote wawili, wasioona, walipokuwa wakisahihisha vitabu vya nukta nundu, maandishi yasomwayo kwa vidole, katika kiwanda kilekile.

"Nafasi sita, mke wangu," alizoea kusema. "Kila moja ina nukta au haina. Mbili mara mbili, hivyo hivyo mpaka ya sita, unapata maumbo sitini na manne."

"Hivi nimeolewa na mtu au na hesabu?"

"Na hesabu isiyo na akiba! Nukta moja ikikuponyoka, nane inageuka tano, na karatasi haikuonyi."

Leo, kiwandani, Shangazi alikuwa akisoma hesabu za watoto kwa sauti, na msaidizi wake anayeona akilinganisha na kitabu cha wino.

"Tano," alisema Shangazi.

"Kitabu kinasema nane."

"Basi mashine ya kuchapa nukta imekosea."

"Nukta ipo, Shangazi. Naiona hapa kwenye karatasi yako."

Shangazi akapapasa tena kwa kidole chake kilichoanza kufa ganzi. Bado tano.

"Aa, nani hakosei?" msaidizi alimfariji.

"Mtoto atakayeisoma hana wa kumuuliza, mwanangu."

Shangazi akachukua fimbo yake, akatoka taratibu. Hakurudi tena kazini.