Kiti cha Mwenye Maneno

Tulipomzika bibi yangu kule Dzaleka, kwaya ya vijana ilikuja matangani, na unajua waliimba nini? Waliimba wimbo wa kidumu. Wimbo wa mtoto wa jirani! Nilikuwa nimekaa mkekani na wanawake wenzangu, kitenge kichwani, machozi yananitoka kama inavyopasa, mara yakakauka yenyewe. Nikasema moyoni: hata hapa? Hata mbele ya jeneza la bibi yangu, bado ni wewe tu?

Usinicheke kwanza. Ngoja nikusimulie, halafu utacheka ukitaka.

Siku hizi naishi Lilongwe, Kawale, nashona nguo karibu na soko. Lakini nimekulia Dzaleka, kambi ya wakimbizi, katika nyumba ya matofali mabichi ambayo kila msimu wa mvua ilitaka kurudi kuwa udongo. Bibi, ambaye sisi tulimwita koko, alitoka Bukavu, na mdomo wake haukuwahi kuhama huko. Nsima, ugali wa hapa, aliiita bukari, na aliisonga ngumu kwelikweli. Sombe, yaani kisamvu, alitwanga mwenyewe, hata siku ambazo hatukuwa na mafuta ya kutia. Jioni ilikuwa ni vumbi jekundu, harufu ya maharage yanayochelewa kuiva, na kutoka kanisani sauti za repetisyo, mazoezi ya kwaya, wanaume wa sauti ya nne wakitafuta noti yao huko chini kama mtu anayetafuta sindano iliyoanguka.

Mwalimu wa kwaya alikuwa mtu wa Uvira, mwembamba, wa kuvaa shati moja lililopigwa pasi vizuri. Asubuhi alifundisha hesabu, mchana do-re-mi. Kwaya nyingine zilichukua nyimbo kwenye redio, yeye hakutaka. Alisema kambi yenye watu wengi namna hii haiwezi kukosa maneno yake yenyewe. Basi mara kwa mara alitangaza: leteni mashairi. Watu wazima walipeleka, na sisi watoto tulipeleka. Shairi lililompendeza alikwenda nalo nyumbani, na lilirudi limevaa noti za sauti nne, zimeandikwa kwa chaki ubaoni.

Alikuwa na masharti yake. Kwanza alilisoma shairi kwa sauti, mkono tumboni, akisikiliza pumzi inakatikia wapi. Alituambia uzito wa neno la Kiswahili hukaa kabla ya mwisho, na ukiupandisha wimbo juu pale mwishoni kabisa, unaimba kama mgeni aliyefika jana. Alipenda mistari inayoishia na *a* au *o*, maana hapo, alisema, sauti ya kwanza inapata mahali pa kulala. Na sharti lililoyapita yote lilikuwa hili: mwenye maneno haimbi. Siku wimbo wake unaimbwa mara ya kwanza, anakaa mbele, anatazamana na kwaya, mdomo amefunga. Na tangu siku hiyo wimbo ule hauimbi tena, ni wa wenzake. "Mutoto akishajua kutembea," alisema mwalimu, "umuachilie mukono."

Sasa sikiliza habari ya kiti. Kanisani kwetu tulikalia mabenchi ya udongo, yaliyojengwa pamoja na sakafu, ukiinuka sketi yako imechukua rangi ya benchi. Lakini mwenye maneno aliletewa kiti cha kweli, cha mbao, chenye mgongo, mwalimu alikibeba kichwani kutoka kwake. Sijawahi kutamani kitu kama nilivyokitamani kiti kile. Mimi nilikuwa na sauti, hilo nakwambia bila kujificha, solo zote zilikuwa zangu. Ila mwenye solo anasimama, na jua la dirishani linampiga usoni.

Mtoto wa jirani alikuwa rika langu. Aliishi na shangazi yake nyumba ya pili kutoka kwetu. Msichana wa kimya, sauti yake nzuri lakini ya nyuma nyuma, ya kujazia. Siku moja bila kumwambia mtu akapeleka shairi, na lilikuwa shairi la kidumu! Unajua bombani kwetu mtu hapangi foleni kwa miguu yake. Unaacha kidumu chako mahali pako, unakwenda zako, na aliyebaki anasogeza cha kwake na cha mwenzake. Basi yeye akaandika:

*Kidumu changu cha njano,*
*simama badala yangu.*
*Ukiitwa, itika,*
*mimi bado niko njiani.*

Karibu ni hayo tu. Wakati huo mimi nilikuwa nimeshapeleka mashairi ya milima ya Bukavu, ya ziwa ambalo sikuwahi kuliona, ya machozi ya Afrika nzima. Yote yalirudi. "Hapa mudomo hauna fasi ya kupumulia," mwalimu aliniambia, kidole kikiwa juu ya mstari niliousumbukia kuliko yote. Na huyu na kidumu chake akaletewa kiti.

Solo nikaiimba mimi. Nilipofika *ukiitwa, itika,* watu wazima walianza kulia. Wanalilia kidumu! Nilikuwa mtoto, sikuelewa kwamba kila mmoja mle ndani alikuwa na jina lake limesimama badala yake kwenye foleni fulani ya kuhamishiwa nchi nyingine, na hajaitwa. Nilichoona ni mtoto wa jirani tu, miguu haigusi chini, ameegemea mgongo wa kiti kama mke wa chifu. Nilijiona mimi ni bomba, yeye ndiye maji.

Nyumbani nilikataa kula. Koko alikuwa amepiga magoti kwenye mafiga, mvua ilikuwa imelowesha kuni zote, anapuliza, macho mekundu kwa moshi. Hakuuliza nina nini. "Wivu ni kuni mbichi, mutoto wangu," akasema. "Moshi mingi, na bukari haiive." Akaendelea kupuliza. Kuni zikawa zinatoa povu na kupiga kelele yake ile nyembamba. Nikamtazama mpaka nikasahau kununa, nikaenda kuchukua kalamu.

*Puliza, koko, puliza,*
*kuni mbichi zinalia.*
*Kuni zinalia, koko,*
*wewe sijakuona ukilia.*

Mwalimu alilisoma mkono tumboni, akalisoma tena. "Sasa njo umeandika," akasema, yaani sasa ndipo nimeandika.

Wakati wa repetisyo sikuruhusiwa kuingia. Nilikaa nje ya ukuta nikichambua mawe kwenye maharage, na wimbo wangu ulinijia vipande vipande. Siku moja niliwasikia wanaume wa sauti ya nne peke yao wakifanya *pu, pu, pu*, pumzi ya koko. Siku nyingine sauti ya pili na ya tatu wakilia kama kuni, *siii*, moja inapanda, nyingine inashuka. Nilitamani kubomoa ule ukuta. Kisha nikasikia aliyepewa solo. Nani mwingine? Mwenye solo si alikuwa amekalishwa nje na maharage?

Jumapili ikafika, nikapanda kiti changu. Nikanyoosha mgongo, nikaweka mikono magotini, nikangoja kutazamwa. Hakuna aliyenitazama! Hata mmoja. Kanisa zima lilitazama mdomo unaoimba. Miaka yote ile niliyosimama juani nikikionea wivu kiti, macho yalikuwa kwangu, na mimi sikujua. Na yule mtoto wa jirani, ile sauti yake ya nyuma ilikuja mbele siku hiyo, sijui alikuwa ameificha wapi. Aliimba *puliza, koko* kama mtu anayeomba maji.

Koko akalia, kwenye benchi la akina mama, mbele ya watu, mabega yanatikisika. Ibada ilipokwisha akaja mbele. Nikajua anakuja kwangu, nikaanza hata kuinuka. Akanipita. Akamkamata mtoto wa jirani kichwa, akakiweka kifuani pake, akakiacha hapo muda mrefu, kisha akafungua pindo la kitenge na kumpa karanga. Karanga zangu za kila Jumapili! Ndipo akanigeukia: "Na weye, nani alikuambia mi siliaka?"

Wivu wa kidumu ulikuwa mchezo. Huu ndio uliokuwa wivu.

Baadaye jina la shangazi yake likaitwa. Wakaondoka kwa basi wakiwa na mifuko myeupe ya karatasi za safari mikononi, wakaenda nchi ya baridi. Mwalimu alijaribu wasichana wengine kwenye *Puliza*, haikukaa. Nikamfuata, nikamsihi aniachie mimi, nani anaujua kuliko mwenyewe? Akatikisa kichwa. Mwenye maneno haimbi. Siku ile nilimchukia. Halafu na yeye akaenda kutafuta maisha kwingine, ubao ukafutwa, ukaandikwa hesabu. Wanaume wa sauti ya nne mmoja yuko Mitundu anauza nguo za mitumba, wengine walirudi kwao, wengine tumewafukia hapohapo Dzaleka. Kiti sijui nani alikichoma kuni.

Wimbo wa kidumu ulibaki, na unajua ulibaki kwa nani? Kwangu. Ulikuwa kooni mwangu, ningefanyaje? Kila msichana aliyeingia kwaya nilimfundisha, na hao wakawafundisha wengine, mpaka ukafika kwa wale vijana walioniimbia matangani. Kazi yote nimefanya mimi, na wimbo ni wake. Wa kwangu ulipanda basi na mtu mwingine.

Haya, baada ya matanga ikabaki siku ya kujengea kaburi na kuweka msalaba. Mama mmoja wa kanisa, mmoja wa wachache waliobaki wa zamani, akanishika mkono: "Si weye njo uliandikaka wimbo ya koko? Siku ya musalaba utatuimbia."

Nikakubali, mjinga mimi. Nilirudi Kawale, nikakaa kwenye cherehani, nikajaribu. *Puliza, koko, puliza* ilikuja sawa. Mstari wa pili ukateleza, nikajikuta niko kwenye kidumu. Nikaanza upya, nikarudi kidumuni. Nilikuwa sijawahi kuuimba hata mara moja, ndugu yangu. Niliujua kwa masikio tu, tena wote kwa pamoja, kama mtu anayejua nyumba kwa kuipita barabarani. Na koo lililoujua lilikuwa moja tu duniani.

Kumpigia simu ilinishinda. Namba ilikuwepo, shangazi yake alikuwa ameiacha kwa watu zamani. Niliiangalia, nikaendelea kushona. Nilijiambia heri wimbo upotee kuliko kumwomba yule. Lakini nikifikiria siku ya msalaba, na koko anashushiwa sementi juu yake huku anaimbiwa kidumu, mkono ulikuwa unaharibu mshono. Mchana mmoja nikapiga.

"Haloo? Ni nani?"

"Ni miye. Wa kwa koko."

"Eeh! Ni weye kweli? Koko iko aje?"

Hakuwa na habari. Nikamwambia. Nyuma yake kulikuwa na maji yanamwagika kwenye sinki, nikasikia akiyafunga.

"Unaona," akasema, "mi sikukuwaka na koko. Ile siku alinikamata kichwa, njo siku moja tu mutu alinikamataka vile."

"Zile karanga zilikuwa zangu," nikasema.

"Najua. Nilikula zote." Akacheka huku analia, na mimi hivyo hivyo, mteja wangu akanitazama na kitambaa chake mkononi.

"Kuna siku ya musalaba," nikamwambia. "Ungeniimbia, nijifunze."

"Weye? Mwenye maneno haimbi."

"Basi utaimba weye."

Siku hiyo nilitoka na basi asubuhi, na kutoka barabarani nikapanda kabaza, baiskeli ya abiria. Yule kijana wa baiskeli alinishangaa: mkono mmoja nimemshika mgongo, mwingine nimebeba kiti cha plastiki nilichoazima. Nilikiweka pembeni ya kaburi, nikakaa. Watu wote wamesimama, mimi nimekaa, na najua wengine waliona sina adabu. Simu tuliiegemeza kwenye tofali, sementi bado mbichi. Mtandao ukakatika, ukarudi. Halafu akaimba.

Sauti yake imenenepa. Ni nzuri kuliko zamani, na mimi nilikuwa nimejiombea iwe imeharibika kidogo. Aliimba peke yake. Pale ambapo sauti ya nne ilikuwa inapuliza, palikuwa kimya, na pale ambapo kuni zilikuwa zinalia, upepo tu. Mimi nilizisikia zote nne. Nikatazama huku na huku kama kuna mwingine anayezisikia, wale vijana wametulia tu, kwao wimbo huu ulikuwa na sauti moja tangu kuumbwa kwake. Mwalimu, ubao, mabenchi ya udongo, yote yalikuwa yamebaki kichwani mwangu tu, na siwezi kuyaimba.

Wanawake wakaanza kulia. Walikuwa wanaitazama simu. Hakuna aliyenitazama mimi.

Mama mmoja mgeni, wa hivi karibuni kambini, aliinama karibu na kiti changu. "Ule anaimba," akaninong'oneza, "ni mujukuu wake?"

Nilitaka kumwambia maneno ni yangu, na koko ni wangu, na karanga pia.

"Njo yeye, mama," nikasema. "Ni mujukuu wake."