Kibonde cha Mlangoni

Kosa langu la kwanza lilikuwa kupenda tambarare. Kiwanja tulichonunua, mwendo wa saa moja kwa mguu kutoka Segese, kilikuwa na sehemu mbili za kujenga. Ya juu ilikuwa ya mchanga, imeinama kidogo, ina kichuguu kikubwa na visiki viwili. Ya chini ilikuwa nyeusi, safi, imenyooka kama meza. Ilikuwa kiangazi. Nikaichagua ya chini bila kumuuliza mtu, nikafunga kamba, nikachimba msingi, nikapima kila pembe mara nne, nikapanga kozi tatu za mawe na matofali. Sijawahi kutengeneza kitu kilichonyooka vile.

Mtu yeyote aliyekulia kijijini huku anajua kwamba ule udongo mweusi wa mbuga ni wa kulima mpunga. Ukinywa maji unavimba, ukikauka unapasuka nyufa za kuingiza mkono. Mimi nimekulia Shinyanga mjini, kwenye vyumba vya kupanga karibu na reli. Mvua ziliponyesha na kukatika, msingi wangu ulikuwa umepinda kama mkia wa ng'ombe anayefukuza nzi.

Jirani yangu, mama mmoja mwenye sauti ya kusikika ng'ambo ya shamba, alipita na ndoo kichwani. Akasimama. Akauzunguka msingi wote bila kuishika ndoo.

"Ng'wanawane," akasema, yaani mwanangu, "ulikuwa unajenga nyumba au unachimba majaruba ya mpunga?"

"Sasa mayu," nikasema, yaani mama, "mbona hamkuniambia?"

"Ulikuwa umeinamia hicho kichupa chako kutwa nzima. Tukajua unajua."

Kichupa alichokisema ni pima maji yangu, ile ya fundi ujenzi yenye kitone cha hewa kinachotakiwa kukaa katikati. Niliinunua kabla sijanunua koleo.

Niseme ukweli wangu hapa mapema. Mimi ni fundi simu. Sikusomea, nilijifunza kwa kufungua simu mbovu na kuangalia video. Kazi ile imenizoesha kuinama juu ya vitu vidogo kuliko punje ya mtama, ambapo kukosea kidogo ni kuua simu nzima. Ujenzi nao nikajifunza hivyo hivyo. Kila nikienda Segese kwenye kibanda changu napakua video, jioni naziangalia kiwanjani hadi chaji iishe. Kati ya video zile hakuna hata moja iliyotaja mbuga. Na kuuliza watu nilikuwa naona aibu. Nilifikiri nikiuliza watagundua kwamba sijui.

Baada ya msingi ule kupasuka, woga uliniingia na haukutoka. Nilihamia juu, kwenye mchanga, nikaanza upya, na kila nilichojenga nilikibomoa angalau mara moja.

Wakati huo mke wangu alikuwa kwao Nkome, kule mwaloni, wanakoshusha samaki kando ya ziwa. Alikwenda kujifungua kwa mama yake kama ilivyo desturi kwa mtoto wa kwanza. Tulikubaliana atarudi nyumba ikiwa tayari, siyo chumba cha kupanga tena. Binti yetu alizaliwa, akakaa, akaanza kutambaa, na neno "tayari" likawa linasogea mbele kila nikilikaribia.

Kiwanjani mtandao ulipatikana sehemu moja tu, juu ya kichuguu. Nilikuwa napanda pale kila jioni kumpigia.

"Leo umejenga nini?"

"Leo nimebomoa."

"Tena?"

"Ukuta wa dirisha ulikuwa umetoka nje kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

"Kama unene wa kucha."

Akayarudia maneno yangu kwa sauti. Kisha nikasikia kicheko cha mama yake kwa nyuma.

"Mama anauliza mtoto ataolewa akitokea hapa Nkome au atawahi kuhamia huko."

"Mwambie mama nakaribia."

"Mwanao ameanza kusimama. Anashika ndoo ya dagaa, anasimama."

Moyo ulinipasuka kwa furaha na hofu kwa pamoja. "Nataka hatua ya kwanza aipige kwetu," nikasema. "Kwenye sakafu yetu."

"Basi mwambie mwenyewe akusubiri. Mimi nimemwambia, hasikii."

Tangu siku ile nilijua ninachoshindana nacho. Nilikuwa nashindana na miguu miwili midogo, na mawingu.

Kazi ilikwenda vizuri kuliko ninavyopenda kukiri. Kisima alinichimbia mtu mmoja aliyekuwa mchimbaji wa dhahabu kwa miaka mingi, ameshuka maduara, yale mashimo marefu, hadi amechoka kuliona jua likiwa dogo kama shilingi. Alipofika kimo cha watu watatu uvumi ulienea kwamba nimepata mwamba wa dhahabu. Watu wawili walikuja na mitaimbo yao. Yule bwana akatoa kichwa shimoni, amelowa tope hadi kwenye nyusi, akawaambia, "Poleni sana. Ni maji tu." Nilinyweshwa maji yale kwenye kifuniko cha ndoo. Yalikuwa na mchanga, yalikuwa ya baridi, na yalikuwa yangu. Nilicheka peke yangu kama mwendawazimu.

Bati tulipandisha pamoja naye. Nikafunga mfereji wa kukinga mvua ukiingia kwenye tenki. Nikaweka paneli moja ya sola, betri ya gari na taa tatu. Nguzo za umeme zipo, zinapita mbali kuelekea mgodini, na jioni mgodi unawaka ukingoni mwa anga kama mji mzima. Mimi nilikuwa na taa zangu tatu na sikuona wivu.

Zikabaki sakafu na lipu. Kuta zangu ni za matofali mabichi, ya kukaushwa kwa jua. Bila lipu ya udongo, mvua kubwa inazilamba. Saruji sikuweza. Mama jirani ndiye aliyesema, "Tutakupigia sakafu sisi. Chemsha viazi, tafuta maziwa."

Walikuja akina mama kumi na wawili. Huku kwetu kazi ya pamoja haifanyiki kimya wala bila kushindana. Waligawana pande mbili, upande wa dirishani na upande wa mlangoni, wakamwaga udongo wa kichuguu uliochanganywa na mchanga na samadi ya ng'ombe, wakapiga magoti na mbao zao bapa, wakaanza kupiga kwa mdundo mmoja huku wakiimba. Upande mmoja ukiimba kwamba wenzao wanapiga kama wanabembeleza mtoto, upande wa pili unajibu vibaya zaidi. Nyumba ilitetemeka. Hadi alasiri sakafu ilikuwa imekaza, inang'aa kidogo, na wao wamekula viazi vyote wakinitania kwamba sijui kuchemsha.

Kuna jambo moja katika kazi hizi ambalo halisemwi kwa sababu kila mtu analijua. Watu wakishakufanyia kazi, mwenye nyumba hairudii. Unashukuru, unaiacha ikauke. Ukiirudia umewaambia hawajui.

Asubuhi yake niliamka mapema nikaweka pima maji sakafuni. Karibu na mlango kitone kilikimbilia pembeni. Nilisema nitazame tu. Kisha nikasema nikwangue kidogo tu. Nilikuwa nimepiga magoti, mwiko mkononi, nimeshachimba sehemu ya ukubwa wa sinia, niliposikia sauti juu yangu.

"Mwangaluka."

Ni yule mama jirani. Alikuwa amesahau ubao wake.

"Mwangaluka, mayu," nikajibu salamu ile ya asubuhi nikiwa bado chini.

"Unatafuta nini hapo? Dhahabu?"

"Hapana, mayu. Kuna mahali pamezidi kidogo."

Aliokota pima maji, akaigeuzageuza machoni. "Hiki kitone ndicho kimekuambia kwamba jana tulifanya upuuzi?"

Nikauficha mwiko nyuma yangu. Aliiweka chini taratibu, akachukua ubao wake, akaondoka bila kuaga. Mtu huyu alikuwa anaaga hata mbuzi.

Mchana mchimba kisima alikuja na habari. Akina mama hawatakuja kupiga lipu.

"Wote?"

"Wote. Kaka, mimi nilipokuwa maduarani, mtu niliyemwogopa kuliko wote ni yule anayeshika kamba yangu huko juu. Wewe umemtukana wa kamba."

Upande wa mashariki mawingu yalikuwa yameanza kusimama. Nilijaribu lipu peke yangu jioni ile. Nilimaliza kipande cha kutosha kukinga mlango wa banda la kuku, tena nilikipima, tena nikakibandua. Nilikaa chini nikakitazama kile kipande, nikaona kabisa kitakachotokea: kuta zitalambwa, nitaanza upya, na binti yangu atapiga hatua yake kwenye mchanga wa mwaloni mimi nikiwa juu ya kichuguu nasimuliwa.

Kesho yake nikaenda kwa mama jirani. Alikuwa uani na wenzake wanne wanamenya viazi vya kukausha.

"Shikamoo, mayu."

"Marahaba. Umekuja kupima viazi vyangu?"

Wenzake waliangua kicheko. Nilichuchumaa, nikampa pima maji kwa mikono miwili.

"Nimekosa. Kaa nayo hadi nyumba iishe. Sakafu yenu haina kosa. Ni mimi, naogopa. Ule msingi wa kwanza ulipasuka, sasa kila kitu naona kitapasuka. Naogopa mke wangu na mtoto waje, halafu nyumba iwaangukie."

Waliacha kumenya. Kusema maneno yale kulikuwa kugumu kuliko kuchimba msingi mara mbili.

"Unaogopa?" akauliza.

"Naogopa sana, mayu."

"Sasa si ungesema tangu mwanzo! Sisi tumekasirika bure, tunadhani unatudharau kwa sababu umetoka mjini, kumbe unaogopa tu." Akawageukia wenzake. "Anaogopa, jamani." Wakanipa pole mmoja mmoja, kama niliyefiwa. Kisha akaninyooshea kisu. "Kesho tunakuja. Lakini udongo utaukanyaga wewe, katikati, peke yako. Na tutaimba."

Waliimba kweli. Nilivua viatu, nikapandisha suruali, nikaingia kwenye dimbwi la tope na nyasi zilizokatwa, wao wamenizunguka na makarai. Wimbo ulikuwa wa Kisukuma na ulitungwa palepale. Kwa ninavyouelewa, unamhusu bwana mmoja anayeupima ugali wa mkewe kabla hajaula, na ng'ombe kabla hajamkamua, hadi ndama anakua anazeeka. Kila ubeti ulikuwa na kishindo, na kila kishindo ilinibidi nikanyage. Mwanzoni nilikanyaga kwa kuhesabu. Kisha nikateleza, nikakaa kwenye tope hadi kiunoni, na pale chini nikaanza kucheka. Niliponyanyuka nilikuwa nacheza. Mimi, ambaye hata harusini nilikaa!

Ndipo bodaboda ikaingia. Nyuma ya dereva alikuwa mwanamke mwenye mtoto kifuani, na nyuma yake kiroba cha dagaa kimefungwa kwa mpira. Mke wangu alishuka, akajinyoosha mgongo, akanitazama kuanzia kichwani hadi tope lilipoishia.

"Niliuliza Segese nyumba ya fundi simu iko wapi," akasema. "Wakaniambia fuata kelele."

"Mbona hukusema unakuja?"

"Ningesema ungeniambia bado. Baba mtoto, huku ndiko kunyoosha ulikonisimulia mwaka mzima?"

Vigelegele vilipigwa hadi mbuzi wakatawanyika. Nilifungua mdomo kumweleza kwamba madirisha bado, choo hakina mlango, betri inahitaji sanduku. Mama jirani alinijaza udongo viganjani. "Wewe piga ukuta," akasema. "Mgeni atajionea." Binti yangu aliniona, akalia kwa hofu ya tope, akauficha uso shingoni mwa mamake. Nikapiga ukuta. Mke wangu alimkabidhi mtoto kwa mama mmoja, akakunja khanga, akaja kupiga ubavuni kwangu, na mkono wake ulikuwa mwepesi kuliko wangu.

Tulimaliza upande wa mvua siku ile ile, pande nyingine siku mbili zilizofuata. Mvua ilipokuja ilipiga bati kwa nguvu hata hatukusikilizana, tukabaki tunatazamana na kucheka, na tenki likawa linajaa.

Lile shimo nililokwangua mlangoni nilimwomba mama jirani alizibe. Alikataa. "Sakafu yote ni yetu. Hicho kibonde ni chako, kaa nacho." Hadi leo ndiyo sehemu pekee mbovu ya sakafu ile, na niliitengeneza mimi.

Wiki ya pili, asubuhi, binti yetu aliachia mguu wa kiti katikati ya chumba. Akapiga hatua moja, ya pili, ya tatu, mikono juu, akielekea mlangoni kwenye mwanga. Kwenye kibonde mguu ukakosa chini, akakaa kwa kishindo. Kibonde kilimtosha kama karai. Alishangaa, akatutazama, akacheka, akapigapiga sakafu kwa viganja.

Pima maji nilirudishiwa. Nailaza kwenye fremu ya paneli ninapobadilisha mwelekeo wake, mara moja, kisha naiweka juu ya kabati. Nikitaka kujenga kitu sasa naanza kwa kwenda kuuliza kwa jirani. Tangu mke wangu na mtoto wafike, sijabomoa chochote.