Nyumba Ndogo ya Kinondoni

Nilipoanza kufundisha Dar nilipanga chumba Mwananyamala. Dirisha langu lilitazamana na la jirani kwa karibu mno, nikawa najua alichopika kabla mumewe hajajua. Sikuwa na ugomvi na mtu, ila nilitamani miti. Kwetu Tukuyu ukifungua mlango unaona kijani mpaka macho yachoke.

Ndipo mwalimu mwenzangu akaniambia kuna wazee wawili Wahindi, mume na mke, upande ule wa Kinondoni wenye barabara za kivuli, wanatafuta mpangaji. Jumba lao lilijengwa enzi za Mwingereza. Lina baraza pana kuzunguka pande zote, paa la vigae vyekundu, na ngazi ya mbao za mninga inayong'aa kama imepakwa mafuta. Bustani yake ungeweza kuchezea mpira, ina mijohoro na mikrismasi iliyokuwa mikubwa tangu baba yangu hajazaliwa. Getini kabisa kuna kijumba cha chumba kimoja na bafu, ambacho zamani alikaa mlinzi. Hicho ndicho walichokuwa wanapangisha. Bibi mwenyewe aliwahoji watu wengi, akanichagua mie.

Jioni niliyohamia nikampigia mama. Mtandao ulikuwa unakatika, nikawa napaza sauti.

"Mama, nimehama! Niko kwa mzee mmoja Mhindi, Kinondoni. Amenipa nyumba ndogo, nzuri kweli!"

Simu ikakatika. Nilipopiga tena haikupokelewa, nikadhani chaji imemwishia.

Nilikuwa na maana ya kijumba. Lakini nani asiyejua nyumba ndogo ni nini mjini, hasa ikitajwa na binti asiye na mume? Mama alikaa na neno lile usiku kucha, na alfajiri akapanda basi. Anuani aliipata kwa binamu yangu wa Temeke, alikofikia usiku, ambaye naye alionywa asinitonye.

Jumamosi asubuhi nilikuwa bafuni, nimejaa sabuni kichwani, nikasikia sauti yake nje. Kidirisha cha bafu kinatazama bustanini. Nikachungulia. Babu mwenye jumba alikuwa amesimama na mpira wa maji, amevaa fulana na msuli, anamwagilia maua. Mama alikuwa mbele yake na begi mkononi, kitenge amekifunga kifuani kama mtu anayekwenda vitani.

"Shikamoo," alisema, maana hasira haikumfikisha mahali pa kumnyima mzee salamu.

"Marahaba, mama. Karibu."

"Sikaribii. Mimi ni mama yake mwalimu. Wewe ndiye unayemharibia mwanangu maisha?"

Babu akashusha mpira, maji yakammwagikia miguuni. Tangu usiku wangu wa kwanza paa la kijumba lilikuwa linavuja, na nilishamlalamikia.

"Mama, naomba msamaha sana," akasema. "Najua hajalala vizuri. Fundi nimeshampata, anakuja Jumatatu."

"Fundi wa nini?"

"Wa kumaliza shida yake yote."

Nilijaribu kupiga kelele, povu likaniingia mdomoni.

"Na mkeo anajua?" mama akauliza.

"Anajua! Yeye ndiye aliyemchagua. Walikuja wengi, akasema huyu ndiye anatufaa."

Mama akakaa palepale kwenye ukingo wa maua. Nilijimwagia maji, nikajifunga khanga, nikatoka mbio. Nilipofika, bibi naye alikuwa ameteremka barazani na miwani yake kichwani, anauliza mgeni amepatwa na nini.

"Mama, kile pale!" nikasema, nikinyoosha kidole getini. "Nyumba yenyewe ni ile. Ndogo! Ni ndogo tu!"

Mama akakitazama kijumba. Akanitazama mie, akamtazama bibi, kisha babu na miguu yake iliyolowa. Bibi ndiye aliyeelewa wa kwanza. Alicheka mpaka akamshika mama bega asianguke, na mama akaanza kucheka huku machozi yanamtoka. Babu alibaki anauliza, "Nini? Nimesema nini?" Mkewe alipomnong'oneza, alifunika uso kwa mikono miwili.

Mama alikuja kunichukua akaishia kukaa mwezi mzima. Bibi alimtembeza chumba hadi chumba, akamwonyesha dirisha la juu ambako mama mkwe wake alikuwa akikaa kufuma. Kwenye ile ngazi mama alivua viatu, ingawa hakuna aliyemwambia. Kila asubuhi wote watatu walizunguka miti na vikombe vya chai ya tangawizi, wakibishana upi ukatwe tawi na upi uachwe.

Jumapili ya mwisho mama aliwaalika wanawake wa kwetu Tukuyu wanaokaa Temeke, aliokuwa akiimba nao kwaya enzi za usichana wao. Walishuka getini na vitenge vyao vya sare, masufuria ya ndizi na kuku, na watoto ambao hawakuwahi kukimbia kwenye uwanja wa majani mpana vile bila kuambiwa waangalie magari. Babu alivuta viti vyote vya barazani akawapangia. Watoto wake mwenyewe wako ng'ambo, na bibi aliniambia jumba lile halikuwa limejaa sauti za watu tangu harusi ya binti yao wa mwisho. Walipoimba, alisimama nyuma ya kiti cha mumewe, akipiga makofi polepole. Wimbo ukaisha. Babu akainua mkono kama mwanafunzi darasani.

"Mwalimu," akaniambia, "waombe warudie."

Wakarudia, na safari hii mama ndiye aliyeanzisha.