Mabati Chini ya Kitanda

Wanaotufundisha kubana matumizi huja na gari. Nimewaona mara tatu katika ukumbi wa mtaa wetu hapa Chaani, na mara zote tatu gari liliachwa likinguruma nje ili lisipate joto ndani. Mara ya mwisho alikuja binti mmoja mwenye viatu vyeupe, akatugawia kalamu na soda, kisha akatuambia tuandike vitu tunavyovinunua ambavyo si vya lazima. Tukatazamana. Jirani yangu anayekaanga samaki akanyoosha mkono.

"Haya mama, wewe unapoteza pesa kwa kitu gani usichokihitaji?"

"Mume," akasema.

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Binti naye akacheka kidogo, halafu akatushauri tuache kunywa chai za hotelini, tuchemshe nyumbani. Nikaitazama karatasi yangu. Chai ya hotelini nilikuwa sijaionja tangu baba alipokufa. Basi nikachora nyumba, nikaitilia paa, nikanywa soda yangu, na iliyobaki mezani nikaitia mkobani kwa ajili ya wadogo zangu. Hiyo ndiyo faida pekee niliyoipata kwenye mafunzo ya kuweka akiba.

Paa ndilo lililokuwa likinikosesha usingizi. Baba alituachia nyumba, hakutuachia ardhi. Watu wa bara wakisikia hivi hushangaa. Sisi wa Mombasa tumezaliwa nalo. Ardhi ni ya mtu ambaye sijapata kumwona kwa macho, nyumba iliyosimama juu yake ni yetu, na kila mwezi mjumbe wake huja kuchukua kodi ya ardhi. Makubaliano ni ya mdomo, ya enzi za babu, wala si magumu kuyakumbuka: nyumba ikisimama, mnakaa, ikianguka, hamjengi tena bila idhini. Na idhini siku hizi haitoki, kwa kuwa mwenye ardhi anataka kuinua ghorofa za kupangisha. Nyumba ya tatu kutoka kwetu ilikuwa ya mjane mmoja. Ukuta wake ulilala chini wakati wa masika, na kabla matope hayajakauka pakawa pamezungushwa waya. Yeye sasa anakaa kwa mkwewe, ambako hata kukohoa anaomba ruhusa.

Nyumba ya udongo huuawa na paa. Maji yakipata tundu hushuka ndani ya ukuta, yakalainisha udongo, yakaozesha fito, na siku moja unaamka asubuhi jirani anakusabahi kutoka nje nawe umelala kitandani. Mabati yetu yalikuwa na umri kunizidi mimi. Mchana ukilala chali unaona nyota.

Tulikuwa watatu: mimi, mdogo wangu wa kiume, na kitinda mimba wetu wa kike. Mama alitangulia, baba akamfuata kabla mwaka haujatimia, nami nikaacha shule katika kidato cha pili nikaanza kufulia watu nguo kule mtaa wa Airport. Sisemi haya nihurumiwe. Huruma nimeipokea nyingi, na hakuna duka lililokubali kunibadilishia na unga.

Basi tukabana. Ugali ukiiva tu, makaa nayazima kwa maji, nayaanika, kesho yanawaka tena. Vipande vya sabuni wanavyovitupa wateja wangu navikusanya na kuviponda pamoja mpaka vinakuwa mche. Sukari ilihama nyumbani, ikawa inakuja kutembea siku za Idi. Mafuta ya kupikia tulipimiwa kijiko kijiko, na hapo ndipo ninapomkumbuka yule binti wa viatu vyeupe, maana mwenye pesa hununua mtungi mzima kwa bei nafuu, na sisi tunaopimiwa ndio tunaolipa zaidi. Hilo halikuwamo kwenye mafunzo yake.

Mdogo wangu wa kiume aliniambia siku moja mbele ya sahani ya mchicha, "Dada, hata Ramadhani huwa na mwisho. Huu mwezi wetu utaandama lini?"

"Ukiona paa jipya, ndiyo Idi."

"Wallahi, tutakufa tumefunga."

Alicheka, nami nilicheka. Lakini siku nyingine hapakuwa na kicheko. Kitinda mimba alipomwaga mtungi mmoja wa maji nilimpigia makelele mpaka majirani wakatoka, kana kwamba ameichoma nyumba. Alikuwa ameinua mtungi mzito kuliko yeye ili mimi nikirudi nikute yamejaa. Sikumwomba radhi siku ile. Nilikuwa nimefua tangu asubuhi nguo za watu wanaobadilisha shuka kila siku.

Pesa taslimu nyumbani kwa mayatima hazikai. Ndugu huzinusa. Leo mmoja kafiwa, kesho mwingine ana posa, na wewe ukisema huna unaambiwa umebadilika. Kwa hiyo nilikuwa nikipata ya bati moja, nanunua bati moja, nabeba kichwani, natia chini ya kitanda. Nani atakuja kuniazima bati? Wadogo zangu walilala juu ya kitanda hicho, na kila walipogeuka mabati yalilia. Mwaka mzima tulilala kwa ngurumo bila mvua.

Aliyekuja kuyaona ni ami yetu, mdogo wake baba. Alikuja Ijumaa moja baada ya sala, kanzu imepigwa pasi mpaka inasimama yenyewe. Akaketi, akainama, akachungulia.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba. Nini hiki humu chini?"

"Mabati, ami."

"Mabati! Na wazazi wako miaka mitatu hawajafanyiwa hitma ya maana. Watu wananiuliza mimi msikitini, hitma ya ndugu yako lini? Niwajibu nini? Kwamba binti yake anaatamia mabati kama kuku?"

"Tunawasomea, ami. Kila Alhamisi, sisi watatu, Yasini."

"Bila pilau?"

Kitinda mimba akainua kichwa kutoka kwenye daftari lake. "Kwani, ami, Yasini haifiki bila nyama?"

Nilimfinya. Ami alijifanya hakusikia. "Uza haya mabati, mwanangu. Nunua mbuzi, tuwasomee wazee kama watu. Kisha tukae tuzungumze habari ya nyumba. Kuna bwana mmoja anaitaka. Nyumba imechoka hii. Tuiuze kabla haijaanguka, kila mtu apate chake."

Kila mtu maana yake yeye. Kwa mirathi hana fungu, mtoto wa kiume wa baba yupo, na hilo analijua kuliko kadhi. Lakini alikuwa na kufuli. Chumba cha nyuma, upande wa kushoto, alikifunga wiki ile ile tuliyomzika baba. Ndani mlikuwa na kitanda, sanduku, na godoro jipya lililo ndani ya plastiki yake, alilolinunua kwa ajili ya mke wa pili ambaye mpaka leo hajapatikana. Hakulala humo hata usiku mmoja. Hakutoa hata senti moja ya kodi ya ardhi. Aliacha kufuli lisimame mahali pake, limwakilishe.

"Nitafikiri, ami," nikamwambia. Nikampa chai kavu. Aliinywa akikunja uso.

Masika yalipokaribia nikaita fundi, Mgiriama mmoja wa Kaloleni mwenye mdomo mwepesi kuliko nyundo yake. Tukayatoa mabati yote uani, akaanza kuyapanga. Akalaza hili juu ya lile, akaliondoa. Akajaribu lingine. Akasimama, akashika kiuno.

"Dada, harusi hizi umezipanga wewe?"

"Harusi gani?"

"Huyu hataki kulala na huyu."

Nikainama nione. Kwa mwaka mzima nilikuwa nikizunguka na maduka, leo Changamwe, mwezi ujao Magongo, baadaye Mikindani, popote niliposikia bati limeshuka bei kidogo. Nilijiona mjanja. Kumbe kila duka na bati lake: haya mawimbi mapana, yale membamba, mengine yamekaa katikati. Bati lisilolala ndani ya mwenzake huacha mwanya, na mwanya ndio ule ule uliokuwa ukiniua. Mtu anayenunua paa zima siku moja hawezi kufanya kosa hili. Ni kosa letu sisi wa bati moja moja. Niliwacheka wengi mwaka ule. Siku hiyo nilitosha kuchekwa mimi.

"Dawa yake?" nikauliza.

"Kila ukoo ukae na ukoo wake. Na pale koo zinapokutana tupandanishe kwa upana, maji yasipate njia. Lakini hapo utapungukiwa." Akahesabu kwa macho. "Chumba kimoja kitabaki wazi."

Nikamwonyesha mlango wenye kufuli.

"Hicho kiache na mabati yake ya zamani."

"Kitavuja."

"Najua."

"Dada, ukuta wa upande huu ndio unaoshika nyumba. Ukilala huu, mwengine wote unafuata."

"Hilo nalo najua."

Akapanda ngazi. Nilijua ninachokifanya. Kama ami angekuwa mtu wa kuja akiitwa kwa ajili ya nyumba, ningemwita. Nilikuwa nimemwita mara ngapi? Maji ya ada za shule hayakumlowesha, njaa haikumlowesha. Palibaki chumba chake tu. Na kama nilikosea kumpima, tungelala barabarani sote, na kosa lingekuwa langu peke yangu.

Mvua ikaja. Vyumbani mwetu palikuwa pakavu, na wadogo zangu walikaa wakisikiliza juu kama wanaosikiliza taarabu. Mimi nilikuwa nje kila asubuhi, leso kichwani, nikiupapasa ukuta wa nyuma. Siku za kwanza ulikuwa baridi tu. Wiki ya pili plasta ikavimba. Asubuhi moja nikabonyeza, kidole changu kikazama kama kwenye ugali. Nikamtazama mdogo wangu wa kiume, naye akanitazama. Akabonyeza pembeni ya pale, kidole chake kikazama vile vile.

Nikampigia ami simu.

"Ami, mvua imeingia chumbani mwako."

"Eh?"

"Naisikia inadondoka. Ufunguo unao wewe, mimi sina."

"Godoro je?"

"Sijui, ami. Nasikia maji tu."

Miaka mitatu hakuuliza kama tumekula. Kwa ajili ya godoro alifika kabla ya alasiri, akilowa nyuma ya mkokoteni uliobeba mabati na misumari, kanzu imemganda mapajani. Fundi, niliyekuwa nimemwita tena, alipoyaona hayo mabati alishika kichwa.

"Na mgeni huyu ametoka ukoo gani tena?"

Yalikuwa ya aina ya nne. Ami naye alikuwa amekwenda kwenye duka la rahisi zaidi. Ukoo ni ukoo. Tuliyapigilia chini ya manyunyu, mdogo wangu wa kiume akishika ngazi, mimi nikipitisha misumari. Ukuta tuliuegemeza boriti kwa nje, na fundi akaahidi kuukandika upya jua likitoka. Alitimiza ahadi, na ukuta upo.

Ami alipofungua kufuli lake tukaingia sote kutazama hasara. Sakafu ilikuwa dimbwi. Sanduku lilikuwa limevimba. Godoro lilikuwa kavu kabisa, limelala ndani ya plastiki yake kama maiti wa tajiri. Alilishika hapa, akalishika pale, akatafuta angalau doa.

"Kumbe halikulowa," akasema, kwa sauti ya mtu aliyeibiwa.

"Alhamdulillahi, ami," nikamjibu.

Sasa, mtu aliyetoa pesa bila kutaka hawezi kunyamaza. Wiki ile ile akaanza kusema msikitini kwamba ameiezeka nyumba ya mayatima wa ndugu yake. Si chumba kimoja, nyumba. Majirani wakaniletea habari wakitarajia nikasirike. Mdogo wangu wa kike alikasirika kwa niaba yangu.

"Dada, mbona unamwachia uongo huu? Tumekula mchicha mwaka mzima!"

"Mwache."

"Kwa nini?"

"We mwache tu aseme. Tena usaidie kusema."

Nilimsaidia mimi mwenyewe. Nilikuwa nikikutana naye njiani mbele ya watu namshukuru kwa sauti, mpaka mashekhe wakageuka kutuangalia. Yule bwana aliyetaka kununua alipokuja kuulizia, alimkuta ami barazani kwetu na wazee wawili wa msikitini. Ami akakohoa, akatazama kushoto na kulia. Angesema nini? Kwamba paa aliloliezekea mayatima kwa ajili ya Mwenyezi Mungu analiuza hata miezi miwili haijaisha?

"Hii haiuzwi," akasema. "Nimeiezeka juzi."

Yule bwana hajarudi tena.

Hitma tuliisoma mwezi uliofuata, kwa mahamri na mbaazi. Ndugu walikula, wakalalamika hakuna nyama, wakaenda zao. Ami alikaa mahali pa mbele. Nikamwuliza, watu wote wakisikia, "Ami, paa lako halina tatizo?" Akainua uso, akalitazama kwa muda mrefu kama fundi, akasema halivuji hata tone.

Linavuja, pale mabati yake yanapokutana na yetu. Nimetega sufuria.