Wanyama wa Sayi

Ukimwuliza Prisca aibu ni nini, atakwambia ni siku ile mumewe Sayi, Msukuma wa Usangu aliyekulia zizini, aliposhindwa kutaja wanyama.

Ilikuwa hospitalini Mbeya, kliniki ya ini. Nesi Tumpe alikuwa ameiweka kando ile karatasi ya kupima akili kwa kuunganisha namba kwa mstari. Wafugaji wengi hawakusoma, kwa karatasi ile wangeonekana wote wamevurugika kichwa. Sasa kila mtu alitaja wanyama kwa dakika moja. Walianza na wazima, wa Usangu na wa Kilolo, ili ijulikane mzima wa huku hutaja wangapi. Kisha wagonjwa.

Sayi akataja saba, akakwama, akamtazama mkewe.

"Ini likichoka, sumu hupanda kichwani," Tumpe alisema. "Huanza hivi hivi, mtu anaongea vizuri tu. Baba, unywe hii dawa ya maji, na usichunge peke yako. Tutapima tena."

Prisca alisikia moja tu: mume wangu kashindwa. Jamani, saba! Mtu mwenye zizi! Ndugu zake kule Kihesa, Iringa, walishamcheka tangu zamani kwamba kaolewa na ng'ombe. Wakisikia hili si ndio watavunjika mbavu? Basi akamfundisha kama mama yake alivyomfundisha katekisimu, kwa kuimba. Ng'ombe, mbuzi, kondoo, punda. Fisi, chui, nyumbu, tohe. Akikamua maziwa, akisonga ugali: "Haya, baba Kalista, tuanze." Sayi akikosea, wanarudi mwanzo. Mficha maradhi kifo humuumbua, ndiyo, tunajua sote. Lakini nani alimwambia Prisca kwamba anaficha? Masikini, alidhani anatibu.

Waliporudi kliniki Sayi alitiririka. Tumpe akapiga makofi. "Hongera baba, umewapita hata wazima!" Daktari akapunguza dawa, akasema kuchunga ruksa. Prisca akatoka pale kwa maringo, kanga imefungwa upya.

Haukupita mwezi, ng'ombe wakarudi jioni bila mchungaji. Majirani walimkuta Sayi amekaa ndani ya maji ya jaruba la mpunga, kiatu kimoja mkononi, hajui nyumbani ni upande gani. Wakampeleka Mbeya.

Tumpe akainama kitandani. "Baba, unaitwa nani?"

Sayi akapapasa shuka kama anayetafuta kitu.

"Na huyu mama ni nani?"

Sayi akamkazia macho Prisca, akatabasamu, akaanza kuimba kwa sauti nyembamba: "Ng'ombe, mbuzi, kondoo, punda..."

Tumpe akageuka taratibu. "Mama, wimbo huu kafundishwa na nani?"

Prisca akajifunika uso kwa kanga. Alitamani ardhi immeze.

"Fisi, chui..." Hapo Sayi akapotea. Akamtazama mkewe, akingoja amrudishe mwanzo.